Ukuta Uliokataa Kukauka

Tulikuwa watano nyumbani, kule Shinyanga, siku tulipoanza kukwangua kuta. Baba, mwenye nyumba. Mama, aliyenizaa. Kaka yangu wa tumbo moja, aliyekuwa akisubiri ng'ombe wa mahari yangu ili naye aoe. Shangazi, dada yake baba, aliyeolewa upande wa Geita, kwenye dhahabu. Na mimi. Majina yao ninayo yote, hata ya ng'ombe wetu, ila wajukuu wameniomba nisiyaandike.

Shangazi ndiye aliyeleta habari ya rangi. Nyumba yetu ndani ilikuwa nyeusi kwa moshi. Akasema, "Kijana anayetaka kumposa binti yenu anafanya kazi mgodini, baba yake ana ng'ombe. Washenga wake mtawaketisha kwenye masizi haya?" Basi ikaamuliwa kuta ziwe nyeupe, kwa udongo mweupe wa bondeni, na baba akatamka kwamba washenga hawataitwa mpaka zikamilike.

Mimi nilikuwa nimesoma madarasa mawili. Mwalimu alikuwa ameniambia, shule ikifunguliwa akinikuta darasani, atakuja mwenyewe kuzungumza na baba. Zilibaki wiki mbili. Nikajisemea moyoni, ukuta ukichelewa, mimi nimepona.

Kazi yenyewe ni hivi. Unakwangua masizi kwa jembe lililolika, unasugua kwa maji na magunzi ya mahindi, nyufa unazijaza udongo uliokandwa na samadi, halafu unalainisha kwa jiwe. Kisha unangoja. Ukipaka nyeupe juu ya ubichi, doa litatoka, na doa hilo halina dawa.

Huko kungoja ndiko nilikokushika. Wenzangu wakienda kupalilia pamba, mimi naachwa na kuta. Nilikuwa najaza maji mdomoni, naupulizia ukuta wa karibu na mlango mpaka mashavu yananiuma. Siku ya nne umelowa. Siku ya sita umelowa vilevile.

"Wewe unakandika nyumba au unafuga vyura?" kaka akaniuliza.

Shangazi akaweka kiganja ukutani. "Ukuta huu una homa," akasema. "Unatoka jasho."

Mama akacheka. Mimi sikucheka.

Walipotoka wote, shangazi akabaki. Hakunigombeza. "Mayu," akaniita, kama wasichana wanavyoitwa kwetu mtu akiwa na upendo nao, "mimi nilificha jiwe la kusagia. Bila unga hakuna pombe, bila pombe hakuna wageni."

"Ikawaje, shangazi?"

"Wakaazima la jirani."

Akanifuta udongo shavuni kwa upindo wa kanga yake, akatoka. Nikamsikia uani akimwambia baba, "Kaka, ukuta ule hautakauka leo wala kesho. Jengeni kibanda cha matawi, waketi nje."

Kaka alikata matawi jioni ileile, huku anapiga mluzi.

Washenga walikuja siku tatu kabla shule haijafunguliwa. Mimi nilikuwa ndani, nimeegemea ukuta wangu mbichi, nawasikia wanaume wakivutana juu ya ndama mmoja. Niliitwa niamkie. Nikatoka na udongo mgongoni, nikasema shikamooni, wakaitikia marahaba, na mmoja akasema huyu ni mchapakazi, tazameni alivyochafuka.

Rangi nyeupe nilikuja kuiona nikiwa mgeni katika nyumba hiyo, na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Kuta zilipendeza, sitasema uongo. Ila karibu na mlango palikuwa na doa la kahawia, upana wake kama mgongo wa mtu. Mama akasema ameshalipaka mara tatu na linarudi.

Nakumbuka lilikuwa kulia unapoingia. Kaka alishikilia mpaka uzeeni kwamba ni kushoto, na katika haya yote ni hilo tu linalonitatiza. Kama yupo aliyewahi kuingia nyumba ile akaliona, anisahihishe.