Kilio cha Miaka Mitatu

Miaka ya tisini nilikuwa chuo kikuu, nikichambua maandiko ya wanafalsafa wa kale wa China. Tasnifu yangu ilitetea fundisho lao kwamba mtoto amlilie mzazi wake miaka mitatu. Wenzao waliopinga, wakisema msiba mrefu unawafukarisha watu, niliwaona wana roho ngumu.

Kisha baba akafa, nikarudi Ifakara. Tulimzika asubuhi, na jioni ileile wazee wakatangaza kwamba matanga yameanuliwa. Mpunga ulikuwa umeiva na ndege wanaumaliza. Tena nyumba ya pili kulikuwa na maiti ya kijana, aliyekufa kwa ugonjwa ule ambao hatukuutaja, ikisubiri watu walewale na sufuria zilezile zilizopikia msiba wetu.

Nilikasirika. Nilimkuta mama anatafuta mundu wake, nikamwambia kwamba Wachina wa zamani waliacha kazi zao miaka mitatu kwa ajili ya baba mmoja.

Mama hakuinua kichwa. "Na wao walikuwa wanazika kila siku, mwanangu?"

Kabla sijarudi chuoni, sufuria zilikuwa zimeshahamia nyumba ya tatu.