Siku Mama Alipowaita Wakubwa wa Zamani

Mgodi ulipozungusha senyenge na kufunga njia yetu ya kwenda zahanati, hapa Ruashi, akina mama wa mtaa walimchagua mama yangu awasemee. Hakuwahi kuhutubia watu, ila kusoma matangazo kanisani. Jioni alikuja kuketi karibu nami, nikisonga bukari, ugali wetu.

"Wewe unafundisha historia," akaniambia. "Bale bantu bakubwa ba zamani bote, balisema nini?"

Nikamsimulia juu ya waziri mkuu wetu wa kwanza, aliyepigania uhuru akauawa katika mkoa huu huu, na juu ya mshonaji wa Amerika aliyekataa kumpisha mzungu kitini ndani ya basi. Mama alisikiliza, shavu mkononi.

"Uyu mushonaji, nani alimungojea ku nyumba?"

"Bwana yake na mama yake."

"Basi mama yake aliogopa sana," akasema, akanitazama kidogo.

Jumamosi, siku ya mkutano na watu wa mgodi, watu walijaa uwanja wa shule. Mkubwa wa mgodi aliketi mbele, pembeni ya shefu wa mtaa. Mama alisimama na kitenge chake cha sikukuu, akawataja wale wakubwa wawili wa zamani polepole, kama anayetaja ndugu zake. Alipofika kwa mshonaji, akina mama waliitikia, "Eee, mama."

"Na mama yangu miye," akasema. "Mu kambi ya bafanyakazi, wakati ya bazungu, balikuwa banatupatia bunga ya bukari ya kuoza. Siku moja akabeba ile bunga, akaenda kuimwanga mbele ya mulango ya biro ya muzungu mukubwa wa kazi. Banamama benzake bakamufuata. Alikuwa na miye ku mugongo."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nyuma, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli akainuka. "Mama yangu naye alikuwa pale," akasema. Mwingine akamtaja nyanya yake. Kwa kitambo uwanja ulijaa majina ya wanawake waliokwisha kufa, na mkubwa wa mgodi akaiweka simu yake mfukoni.

Njiani nilimuuliza Mama kwa nini hakuniambia.

"Nilizania ni mambo ya nyumba tu," akajibu, akaniegemea begani, maana miguu yake ilikuwa imechoka.

Baada ya majuma machache watu wa mgodi walifungua mlango mdogo kwenye senyenge. Magari bado yanazunguka mbali, lakini waendao kwa miguu wanapita. Mama hupita hapo akienda zahanati kupimwa presha, na kila mara humuuliza mlinzi kama mama yake hajambo.