Ungo wa Mama Generosa

Kufunga dishi la televisheni juu ya paa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa juu na spana, mwingine anakaa ndani mbele ya televisheni na kupaza sauti: bado, bado, rudisha kidogo, hapohapo! Melania alikuwa peke yake. Kwa hiyo Jumanne moja ya Novemba mwaka 1998, nyumbani kwake Segese, mwanamke wa miaka hamsini na minane alipanda ngazi na kushuka mara kumi na tisa kabla jua halijafika utosini, na kila aliposhuka alikuta kioo kimejaa chenga. Alizitukana kwa Kisukuma, maana Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini na hakikuwa na matusi ya kutosha.

Cha ofisini kweli. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa opereta wa simu kule mgodini Mwadui, kisikilizio kichwani, mbele yake ubao wenye matundu na nyaya. Bosi akitaka Dar es Salaam, anapitia kwake. Mke wa fundi akitaka kujua kama mama yake wa Mwanza kapona, anapitia kwake. "Subiri nikuunganishe," ndiyo maneno aliyoyatamka zaidi maishani kuliko hata jina la mumewe. Aliwaunganisha watu wakagombana, wakaposana, wakapeana habari za misiba, na yeye kazi yake ilikuwa kuchomoa waya na kungoja mwingine. Alipostaafu alihamia Segese, kwenye nyumba ya bati aliyoijenga mumewe enzi za dhahabu nyingi, na mume akafa mwaka wa pili. Kisha wachimbaji wakaondoka kufuata mashimo mapya upande wa Geita, wapangaji wakaondoka nao, na vyumba vinne vya uani vikabaki na misumari ya kutundikia nguo.

Mtoto alikuwa mmoja tu, Generosa. Kwa ajili yake Segese nzima ilimwita Melania Mama Generosa, na waliendelea kumwita hivyo hata baada ya Generosa kufariki kwa uzazi wa pili, mjini Shinyanga, mwaka 1995. Hebu fikiria kuitwa hivyo kila unapokwenda kununua chumvi. Mwingine angeomba abadilishiwe jina. Yeye aliitika.

Generosa aliacha binti, Limi, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa. Alilelewa mjini na mama wa baba yake, Bibi Euphrasia, kwa kuwa baba mwenyewe, Herman, alikuwa dereva wa lori la pamba na siku zake ziliishia barabarani. Desemba iliyopita Limi aliletwa Segese kukaa likizo nzima. Siku ya nne alishindwa.

"Bibi," alisema, bila ubaya wowote, "kwako kuna kimya. Mpaka masikio yanauma."

Kesho yake Herman alimpitia.

Melania hakumkasirikia. Mtoto alikuwa amekitaja tu kitu ambacho yeye mwenyewe alikimeza kila jioni pamoja na ugali. Lakini alijua jambo moja: Limi asipokuja Desemba hii, hatakuja tena. Mtoto akishazoea kutokuja, ndiyo basi. Na Limi alikuwa na pua ya Generosa, na namna ya Generosa ya kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Hapakuwa na mahali pengine duniani pa kuviona vitu hivyo viwili.

Basi akatafuta kelele. Alinunua jenereta dogo kwa mchimbaji aliyekuwa anahama, akanunua televisheni ndogo, na dishi akalifuata kwa Jafferali, Kahama. Huyu Jafferali alikuwa Mhindi wa kizazi cha tatu pale mjini, Kisukuma chake kizuri kuliko cha wateja wake wengi, na hakuamini masikio yake.

"Mama Generosa, ungo huu unafungwa na fundi. Fundi wangu yuko Mwanza, anakuja mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa kwanza mjukuu wangu atakuwa amesharudi shule."

"Sasa nani atapanda juu?"

"Wewe nipe spana."

Akampa spana, na ushauri juu yake. "Usifuate picha ya kwenye boksi. Ile imepigwa Ulaya, huko setilaiti iko chini. Sisi huku elekeza mashariki, halafu inua. Inua sana. Unaangalia mbinguni, siyo kwa jirani."

Ungo, alisema Jafferali. Ndivyo walivyoliita watu wa kazi ile, kuanzia mafundi hadi wapakiaji, kwa sababu dishi lenyewe lilikuwa la mviringo, pana, mithili ya ungo wa kupepetea mchele. Melania alilibeba neno hilo nyumbani pamoja na mzigo, na laiti angeliacha Kahama.

Dishi lilikuja vipande sita vya wavu wa chuma. Alivipandisha kimoja kimoja, khanga kaifunga kibwebwe, akaviunga hukohuko juu kwenye bomba la pampu ya wachimbaji ambalo alikuwa amelifunga imara ukutani. Ulikuwa msimu wa kulima na majirani walikuwa mashambani. Wawili watatu waliopita njiani na majembe waliinua macho, wakamwamkia "mwangaluka", wakaendelea na safari. Hakumwomba mtu amsaidie. Ukikaa miaka mitatu bila kumwomba mtu kitu, mdomo unasahau namna ya kuanza.

Ndipo ikaja hii ya kupanda na kushuka. Mara ya kumi na tisa, akiwa ameketi sakafuni anahema, alijicheka mwenyewe. Opereta mzima! Miaka yote ile alikuwa hawaoni watu, alikuwa anawasikia tu. Alijua kwa masikio kama laini ya Tabora imeloa, alijua kama kuna mtu Mwanza anasikiliza mazungumzo ya wenzake. Aliliburuta jenereta mpaka nyuma ya choo lisimpigie kelele, akaongeza sauti ya televisheni mpaka mwisho, akafungua madirisha yote, akapanda.

Juu pale, mkono mmoja kwenye wavu, alifumba macho na kuisikiliza ile chaaa ikitoka chini ya bati. Akasukuma kidogo, unene wa ukucha. Chaaa. Ukucha mwingine. Chaaa ikapata nundu katikati, kama mtu anayejaribu kusema kitu nyuma ya mlango. Melania alibana pumzi. Akainua, akainua tena, na mara mwanamume mmoja akaongea Kiingereza waziwazi ndani ya nyumba yake.

"Hapohapo!" alipiga kelele, akijijibu mwenyewe.

Alikaza nati. Kisha akalia, pale pale juu ya bati la moto, kwa sababu alikuwa ameshinda na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Alasiri yote alitazama. Wazungu walirushiana mpira juu ya wavu, wanawake wa Kihindi walilia wakaimba wakalia tena, mtu mmoja alipika samaki kwa kumwagia divai. Hakuelewa neno na hakujali. Nyumba ilikuwa inaongea. Akachukua karatasi na kumwandikia Limi, na furaha ikamfanya mchokozi:

"Mjukuu wangu Limi, mwaka huu kimya kimekwisha. Nimepata ungo mkubwa kuliko wewe. Nimeupandisha juu ya paa mwenyewe, umeangalia mbinguni. Ukija tutakwenda nao Ulaya na Bara Hindi, na kabla ya usingizi tumesharudi. Usimwambie mtu, njoo tu. Bibi yako wa Segese."

Alicheka peke yake alipokuwa akiramba bahasha.

Sasa, Bibi Euphrasia hakujua kusoma. Barua zote za nyumba ile alisomewa na Limi, uani, kwa sauti, wapangaji wakiwa wanaosha vyombo. Na kwa mtu ambaye hajawahi kuona dishi, ungo una kazi mbili tu: mchana unapepeta, usiku unabeba wachawi. Tena miaka ile, Usukumani kwetu, neno la namna hiyo likitajwa karibu na mwanamke mzee anayeishi peke yake halikuwa mzaha. Vikongwe walikuwa wameuawa kwa maneno madogo kuliko hilo. Melania alilijua jambo hilo vizuri kabisa, amewazika wawili. Lakini kwake ungo lilikuwa limeshakuwa neno la kazi, kama spana, kama nati, na hakukumbuka kwamba barua haiendi na uso wa aliyeiandika.

Shule zilifungwa. Melania alinunua petroli, akachemsha michembe, vile viazi vikavu alivyovipenda Limi, na akatandika kitanda kilichokuwa cha Generosa. Basi la kutoka Kahama lilipita saa tisa alasiri. Kila siku, robo saa kabla, aliwasha jenereta na kuongeza sauti ili mtoto aisikie nyumba tangu barabarani. Jumamosi basi lilishusha magunia. Jumapili lilishusha walevi. Jumatatu halikusimama kabisa. Michembe ikachacha, akachemsha mingine.

Jumatano lilikuja lori, na Herman akashuka peke yake.

Mkwe ana heshima zake. Alisimama mbali, akainama, macho chini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Limi yuko nyuma?"

"Limi hakuja."

Melania hakuuliza zaidi, maana mgeni hahojiwi akiwa na njaa. Alimpelekea maji na chakula kwenye kivuli cha ukuta, akarudi ndani, kama inavyopasa, kwani mkwe hali mbele ya mama mkwe wake. Alipokwenda kutoa vyombo alikuta ugali mzima, samaki mzima, maji yamejaa kikombe. Kwanza alidhani ni aibu za ukwe. Lakini huyu Herman, miaka kumi alikuwa anakula pale, na hajawahi kubakiza hata mwiba. Hapo akaelewa, kwa sababu alikulia nchi hiihii na alijua ni kwa nani watu hawali.

"Herman. Umekuja kuniangalia nini?"

Herman aliinua macho taratibu mpaka juu ya paa.

"Mama, ungo wenyewe ndio ule?"

"Ndio huohuo. Kwani kuna mwingine?"

Dereva yule alikuwa ameona vitu vya namna ile juu ya mahoteli ya Mwanza na Dodoma. Akaketi mavumbini. "Lile ni dishi, mama."

"Dishi, ungo, si kitu kilekile?"

"Ungeandika dishi," alisema Herman. "Mama, kwa nini hukuandika dishi?"

Ndipo alipomweleza. Barua ilisomwa uani. Wapangaji walisikia, na hadi jioni mtaa ulikuwa umesikia. Bibi Euphrasia alimchukua mtoto kesho yake alfajiri, akampeleka kwa kaka zake, mbali, ng'ambo ya Bariadi, akachanjwa chale za kinga. Amesema Limi hatakanyaga Segese maadamu yeye yu hai.

"Nitamweleza," alisema Herman. "Nitawaeleza wote. Lakini unamjua mama yangu akishashika jambo. Na chale zimeshachanjwa, atasema zimefanya kazi."

"Na wewe? Uliamini?"

Herman aliuvuta ule ugali uliopoa, akanawa, akaanza kula. Alikula mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo halifanywi, tonge baada ya tonge, hajainua uso, mpaka sahani ikabaki nyeupe. Melania alisimama akamtazama mpaka alipomaliza. Alimhurumia, na alimkasirikia, na alishukuru, yote kwa pamoja.

Alipokwisha kupanda lori, Herman alikumbuka kitu. Alitoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne na kushonwa ukingoni kwa uzi mwekundu. "Limi alinipa kabla hawajaondoka. Alisema nisifungue."

Melania alingoja mpaka vumbi la lori likatulia. Alikata uzi kwa meno, akasimama mlangoni, ameipa mgongo televisheni iliyokuwa inapayuka ndani.

"Bibi, shikamoo. Bibi Euphrasia amekataa nisije. Mimi siogopi ungo. Ulaya sitaki. Umesema umeangalia mbinguni, na katekista alisema mama yuko mbinguni. Nilikuwa nataka unipeleke kwa mama hata dakika tano. Sasa nenda wewe, umwambie nipo darasa la tatu. Halafu utuunganishe, si ulikuwa unaunganisha watu. Mimi nasubiri. Limi."

Aliisoma mara ya pili. Mdomo wake ukafunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili.

"Subiri," alisema. "Subiri niku..."

Akakunja karatasi kama ilivyokuwa, mara nne. Kisha akaenda nyuma ya choo, akazima jenereta, na akasimama palepale akisikiliza.