Siku Nilipoandika Kenda

Mzee aliyeniinulia nyundo kule Nakivale, kambi ya wakimbizi, alihesabu kama walivyohesabu Wakongomani wa kwao Fizi: saba, nane, kenda, kumi. Neno tisa alilijua, ila hakulitaka. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini, na kwa Kirundi tisa haiko mbali na kenda, kwa hiyo hatukuwahi kusumbuana. Sikudhani neno hilo lingekuja kuniponza.

Kazi yetu ni rahisi kuieleza. Unasimamisha fimbo ya chuma yenye ncha, nyundo inateleza juu yake na kuipiga, fimbo inazama. Kila sentimita kumi ina alama nyekundu. Mzee anainua, anaachia, anahesabu mapigo mpaka alama inayofuata, ananitajia, mimi naandika. Mapigo mengi, ardhi inabeba. Mapigo mawili matatu, tafuta kwingine. Siku ile tulipima kiwanja cha wodi ya wazazi, maana wanawake wa upande ule walikuwa wanajifungulia njiani. Udongo wake ulikuwa mfinyanzi wa kijivu, na mfinyanzi ule ni mnafiki: usipoguswa unajifanya mgumu, ukishakanyagwa unageuka uji.

Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Rugaaga, na dereva wa kunirudisha Mbarara alikuwa anapiga honi. Niliandika nimeinama, jicho moja kwenye karatasi, jingine kwenye gari. Tatu, mbili, tatu, mbili. Kwenye mita moja na ishirini nikasikia kenda, nikaandika tisa. Kisha tatu, mbili, tukafunga.

Injinia wetu ofisini Kamukuzi, pale Mbarara, aliipenda ile tisa. Alisema hapo pana tabaka gumu, msingi ukae juu yake. Kina mama wa kamati ya ujenzi wakaanza kuchimba kwa majembe hadi mita moja na ishirini.

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya kumwaga zege, nilikuwa sokoni Mbarara nanunua viazi. Mama mmoja Mkongomani alikuwa anaongea na simu, anamtuliza mtu aliyechoka kumsubiri: "Niko nakwenda, niko nakwenda." Mwisho wa neno lile nilisikia kenda, viazi vikanitoka mkononi. Sikuwa nimekumbuka sauti ya mzee tu. Nilikumbuka kimya. Mapigo tisa yana milio tisa, na siku ile, kabla ya ile kenda, nyundo haikulia hata mara moja.

Nilimpigia injinia. Hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi. "Karatasi yako nasema tisa," alisema. "Kama wewe nasimamisha kazi na iko tisa, usirudi ofisi."

Nilichukua fimbo na nyundo yake, nikapanda gari hadi Isingiro, kutoka hapo bodaboda, chuma mapajani. Njia nzima niliomba niwe nimekosea, halafu niliomba nisiwe nimekosea, na sijui ni ombi lipi lilikuwa la dhambi zaidi. Mama yangu mzazi anaishi mwendo wa dakika kumi tu kutoka kiwanjani pale. Sikupita kumsalimia.

Nilikuta rundo la kwanza la zege limeshakorogwa na watu wamejipanga na ndoo. Nikamwomba mama mwenyekiti wa kamati asimamishe. Alikuwa mwanamke mtaratibu kutoka Uvira, mikono yake ina malengelenge ya jembe. Aliniuliza kwa nini. Nikamwita mzee mbele ya wote, nikamuuliza kwenye mita moja na ishirini alihesabu ngapi.

"Miye sikuhesabu kitu pale," alisema. "Nilikuambia iko nakwenda. Chuma ilikuwa naenda yenyewe."

Watu walinung'unika. Mmoja alisema zege inaganda, haya maneno yangojee. Nikashuka mtaroni. Chini palikuwa pametepeta kwa mvua na nyayo za wiki nzima. Watu huwa wanasema walitamani ardhi iwameze; mimi nilikuwa nimesimama juu ya ardhi iliyo tayari. Nikasimamisha fimbo, nikamwomba mzee ashike nyundo asiipige. Nikaachia mkono.

Fimbo ilizama. Ilipita alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole, hakuna aliyeigusa. Ilipofika ya tano mzee aliidaka. Kule juu watu waliweka ndoo chini.

Mama mwenyekiti alishuka mtaroni na kuinama kwenye lile tundu. Kisha akaniuliza nani aliandika tisa. Nilisema ni mimi.

"Mwana wangu, kuhesabu tisa, mutu anainua mikono mara tisa," alisema. "Macho yako ilikuwa fasi gani?"

Nilimwambia ukweli: yalikuwa kwenye gari. Aligeuka akawaambia wenzake zege ile imwagwe kwenye njia ya kisimani, isiharibike bure, nao wakainua ndoo. Nililia palepale mtaroni, kwa aibu, na kidogo kwa furaha, maana juu ya tundu lile hakukuwa bado na ukuta wala kitanda.

Injinia alikuja kesho yake, akaitazama fimbo ikizama, akaniambia nirudi ofisini. Wodi ilihamishiwa mlimani kwenye changarawe. Kina mama walichimba upya, na mimi nilichimba nao Jumapili mbili.

Tulipopima kiwanja kipya nilimwomba mzee, kwa heshima zote, awe anasema tisa. Alikataa. Kenda ni hesabu aliyofundishwa na mama yake, alisema, na haijawahi kumdanganya mtu anayetazama. Akainua nyundo. Akasema saba, akasema nane, kisha akasimama, nyundo hewani, akanisubiri mpaka nikainua macho.