Nimemsalimia Mama Zuhura kama shangazi yangu

Leo nimemsalimia mtu ninayemjua vizuri sana, na yeye hanijui kabisa.

Ni Mama Zuhura wa Kondoa, mwenye blogu ya kufuma masweta. Tangu nimalize kidato cha nne na wenzangu kutawanyika, naisoma kila siku hapa nyumbani Chamwino. Anaandika kuhusu uzi, goti lake linalouma, na kola ya sweta inayomsumbua. Nikisoma, naona kama tumekaa wote jikoni.

Asubuhi nimemkuta kwenye duka la nyuzi, Dodoma mjini. Nilimjua kwa lile sweta lake la kijani la kwenye picha.

Mimi, ambaye hata majirani nawasalimia kwa sauti ya chini, nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Goti linaendeleaje?"

"Alhamdulillah, afadhali."

"Na ile kola?"

"Nimeifumua yote, we acha tu."

Nilifurahi, jamani.

Kisha akaniangalia vizuri. "Samahani mwanangu, wewe ni mtoto wa nani vile?"

Si mnajua sisi: mtu akikusalimia unamjibu kwanza, kumtambua ni baadaye.

Ningeweza kusema, "Nasoma blogu yako." Nikasema, "Samahani mama, nimekufananisha."

Nimemfananisha na mtu mwenye goti lilelile na kola ileile.

Nikatoka bila kununua uzi.

Mwaka mzima sijawahi kumwachia hata maoni ya mstari mmoja. Angenijuaje?

Sasa nimefungua sehemu ya maoni. Nimeandika jina langu, nikafuta, mara tatu.

Ninyi mnaowasoma watu kimya kimya, mlianzaje?