Vigoda Vyote Vikabidhiwe

Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima huko Kasulu, mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Siku moja niliwasomea wanafunzi wangu hadithi ya vijana, kuhusu nchi ya kubuni ambayo mtawala wake anaamuru kila kaya ikabidhi vigoda vyake, na asiyetii ahamishwe. Mpumbavu mimi, nilisoma nimesimama, kwa sauti nzito, kama wale maofisa waliowasomea amri ya kuhama. Hakuna aliyecheka. Nikajisifu kwamba hadithi imewakolea.

Kesho yake wakaja wote na vigoda. Nikawashukuru kwa kupenda kusoma, nikafungua sura ya pili.

Hakuna aliyekaa. Bibi Nyanzobe aliweka chake miguuni pangu.

“Mwalimu, andika kwamba nimeleta. Nisihamishwe tena.”