Kopo la Bomu na Majivu ya Mama

Miaka ile ya ruksa tuliambiwa kila mtu auze anachotaka. Mama yangu akaamini. Akatandika gunia kando ya barabara, Kizwite, akawa anauza ulezi kwa kibaba. Asubuhi moja askari wakaja kuwaondoa wachuuzi, na kwa kuwa wanawake wenye vibaba ni jeshi la kutisha, walikuja na mabomu ya machozi. Kopo la bomu moja lilimpiga mama usoni. Jicho la kushoto likaishia hapo. Jirani aliliokota lile kopo likiwa bado la moto, akalifunga kwenye kitenge.

Hospitali wakataka PF3, fomu ya polisi. Nikaenda kuiomba kwa walewale waliompiga. Wakaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Alianguka." Nilipomsomea, mama alikasirika kuliko alivyolikasirikia jicho.

"Mimi sijaanguka," akasema. Tangu siku hiyo hakutaka kingine ila waandike kweli.

Tukaelekezwa ofisi ya madai ya fidia, twende na ushahidi. Ushahidi wetu ulikuwa kopo. Lakini kwetu Ufipa mtu hapeleki chombo kichafu mbele ya wakubwa. Nikiwa shuleni, mama alikaa uani akalisugua kwa majivu na mchanga mpaka likang'aa, na maandishi yote ya ubavuni yakatoka. Akanionyesha kwa fahari. Nilitaka kulia, nikamsifu.

Bwana wa ofisini alikuwa kijana, kalamu tatu mfukoni. Hata shikamoo hakutoa. Akaligeuzageuza kopo.

"Mama, hili ni kopo tu, halina alama. Sisi hatuna vitu kama hivi. Na fomu inasema ulianguka." Akacheka kidogo. Cheko lile nalichukia mpaka leo. Jicho lililofumba lilikuwa mbele yake, wala hakulitazama.

Mama hakubishana. Alinyoosha mkono. "Haya baba, nipe kopo langu nikapimie ulezi."

Yule bwana akalivuta upande wake haraka, akalitia kwenye droo. "Haiwezekani, mama. Hii ni mali ya serikali."

Mama akamsogezea ile fomu, taratibu, mpaka ikagusa vidole vyake.

"Basi andika hapo kwamba ni yenu."

Yule bwana akafunga droo kwa ufunguo, akaangalia mlangoni, akaita, "Anayefuata!"